KILA KAZI NA KARATASI YAKE

Katika miezi hii ambayo tumekuwa tukiwapokea wenzetu wa Kibenga na mitaa ya jirani wanaotafuta kazi, tumesoma karatasi nyingi za maombi. Karibu zote ni karatasi moja. Jina hubadilika, mwaka wa kuzaliwa hubadilika, lakini maneno ni yale yale: kwamba mwombaji ni mwaminifu, ana bidii, anawahi kazini, na yuko tayari kufanya kazi yoyote atakayopewa. Aliyefuma nguo kwa miaka 11 ameandika hivyo. Dada aliyechambua majani ya chai kiwandani ameandika hivyo. Kijana ambaye hajapata kuajiriwa hata siku moja, naye ameandika vile vile.

Sababu yake si uvivu. Karatasi hizi hutoka katika vibanda vya kupiga chapa na fotokopi, ambako mwenye kompyuta anayo moja aliyoihifadhi tangu zamani, na kwa fedha kidogo hufuta jina la jana akaweka la leo. Mteja huondoka na nakala 10, akazigawa kwenye malango ya eneo la viwanda, moja kwa kiwanda cha sabuni, moja kwa kiwanda cha vinywaji, moja kwa kampuni ya ulinzi, halafu akarudi nyumbani kungoja. Baada ya mwezi anasema hakuna kazi Burundi. Kwamba kazi ni chache, hilo ni kweli na hatutalificha. Lakini yule aliyepokea karatasi 200 zenye maneno yale yale hakuweza kumjua mfumaji na kumtenga na wengine, kwa kuwa mfumaji mwenyewe hakusema kwamba ni mfumaji.

Tena maneno yale ya kuwa tayari kwa kazi yoyote yana hasara nyingine inayotuhusu sisi wa chama moja kwa moja. Anayesema yuko tayari kwa kazi yoyote amemwambia tajiri kwamba yuko tayari kwa daraja lolote na mshahara wowote. Ataandikwa kibarua, hata kama siku ya tatu atapewa mtambo auendeshe. Tumekuta mara nyingi ugomvi wa madaraja ambao mzizi wake ni siku ile ya kwanza, mtu alipoingia bila ya kusema anajua nini.

Makala hii basi inaeleza jinsi ya kuandika habari zako za kazi, ile karatasi ambayo watu wote mjini wanaiita CV, kwa kufuata kazi ile unayoitaka. CV ni herufi mbili za maneno ya Kilatini yenye maana ya mwendo wa maisha. Jina hilo linapotosha kidogo, maana huwafanya watu wafikiri kwamba lazima waeleze maisha yao yote.

Nani alikuwa akiandika habari za mfanyakazi

Kabla ya kufika kwenye kazi yenyewe, inafaa tukumbuke jambo moja. Kwa muda mrefu sana karatasi ya habari za mfanyakazi haikuandikwa na mfanyakazi. Iliandikwa na aliyemwajiri.

Katika Ufaransa, kuanzia mwaka 1803, mfanyakazi wa kiwandani alitakiwa kuwa na kitabu kidogo ambamo kila tajiri aliandika tarehe ya kuingia na ya kutoka. Aliyesafiri bila ya kitabu hicho kutiwa sahihi aliweza kukamatwa kama mzururaji. Kitabu hicho kilifutwa mwaka 1890. Huku kwetu Afrika ya Mashariki jambo hilo lilikuja baadaye na kwa ukali zaidi. Katika Kenya, sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915 ikaanza kutumika mara baada ya vita ya kwanza ya dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 alitakiwa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake, majina ya waajiri wake, tarehe na mshahara, nayo iliwekwa ndani ya kikebe cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni. Tajiri asipotia sahihi ya kumwachia, mtu alihesabiwa kuwa ametoroka kazini. Na mshahara wa zamani ukiwa umeandikwa pale, tajiri mpya alikuwa na haja gani ya kutoa zaidi? Harry Thuku, aliyekuwa mpiga simu katika ofisi ya hazina ya serikali mjini Nairobi, alipowakusanya watu mwaka 1921, kipande kilikuwa mojawapo ya malalamiko makubwa. Alikamatwa Machi 1922, na umati uliokusanyika kudai aachiwe ulipigwa risasi. Kipande kiliendelea mpaka miaka ya 1940.

Tunaeleza haya kwa sababu wazee wetu walijifunza kwamba karatasi ya kazi ni kitu cha mwajiri, nacho ni cha kuogopwa. Leo karatasi hiyo unaiandika wewe. Unachagua wewe kitakachotangulia na kitakachoachwa. Ni haki iliyopatikana kwa taabu, na tunamwachia mwenye kibanda cha fotokopi aitumie badala yetu.

Kusoma tangazo

Kazi ya kwanza si kuandika, ni kusoma. Matangazo ya kazi hubandikwa langoni, hutolewa katika gazeti la Le Renouveau, na siku hizi hupita zaidi katika simu. Chukua tangazo lile, ulisome mara tatu, na upige mstari chini ya kila kitu wanachokitaka. Tuchukue mfano wa kutunga, lakini unafanana na mengi tuliyoyaona: kiwanda cha vinywaji kinatafuta waendesha mitambo 4 kwa ajili ya kujaza chupa, kazi ni ya zamu, usiku pia, mwombaji awe amefanya kazi kiwandani si chini ya miaka 3, ajue kusoma na kuandika, awe mtu wa usafi.

Hapo kuna mambo matano. Mwenye kiwanda amekwisha kukuambia maswali yake. Anataka kujua kama umewahi kusimama mbele ya mtambo unaokwenda mbio bila ya kuuogopa na bila ya kuuharibu, kama utakuja saa 4 za usiku, kama unaweza kujaza daftari, na kama mikono yako ni safi. Hakuuliza shule ya msingi uliyosoma iko kilima gani. Hakuuliza kama unapenda mpira. Hayo yote yamo katika karatasi ya kibandani, tena juu kabisa.

Sasa tumchukue ndugu yetu mfumaji. Kiwanda cha nguo alichofanya kazi kilifungwa. Na wengi wanakumbuka jinsi COTEBU, kiwanda kikubwa cha nguo cha Bujumbura, kilivyosimama katika miaka ya 2000 na watu wakatawanyika, mpaka Afritextile ilipokuja kuanza kazi mahali pale pale. Katika karatasi yake ya zamani miaka ile 11 ilikuwa mstari mmoja tu: "1995–2006, mfanyakazi kiwanda cha nguo." Tulikaa naye tukamwuliza: siku nzima ulikuwa ukifanya nini? Mwanzoni alijibu, "Kufuma tu." Neno hilo "tu" ndilo adui. Baada ya saa moja ya maswali tulijaza kurasa mbili za daftari, na kutokana na kurasa hizo akaandika hivi kwa ajili ya kiwanda cha vinywaji:

"Kuanzia mwaka 1995 hadi 2006 nilikuwa mwendesha mitambo ya kufuma. Nilisimamia mitambo 12 kwa wakati mmoja. Nilifanya kazi kwa zamu tatu, pamoja na zamu ya usiku. Niliwasha na kusimamisha mitambo, niliunga nyuzi zilizokatika, na nilijifunza kutambua kwa sauti mtambo unaotaka kuharibika nikamwita fundi kabla haujasimama. Kila mwisho wa zamu nilisafisha mitambo yangu na kuipaka mafuta, nikaandika katika daftari mita zilizofumwa na dakika ambazo kila mtambo ulisimama. Ninasoma na kuandika Kirundi na Kiswahili, na Kifaransa cha kujaza fomu za kazi."

Wiki iliyofuata mtu yule yule alisikia kwamba ghala moja la bidhaa linatafuta msaidizi wa mtunza ghala. Alitaka kupeleka karatasi ile ile, kwa kuwa sasa ilikuwa nzuri. Tulimkataza. Mwenye ghala hana haja na sauti ya mtambo. Tukarudi kwenye zile kurasa mbili za daftari, tukachukua mambo mengine:

"Katika miaka 11 ya kazi kiwandani nilipokea nyuzi kila mwanzo wa zamu kwa kuhesabu, nikatia sahihi kwenye fomu. Mwisho wa zamu nilirudisha zilizobaki na kukabidhi majora ya nguo, hesabu ikiandikwa mbele ya kapita. Nilizoea kusoma namba za aina za uzi, na kutenga zilizo na kasoro. Miaka 2 ya mwisho nilimsaidia mtunza ghala kuhesabu mali kila mwisho wa mwezi."

Mtu ni mmoja, miaka ni ile ile, hakuna uongo hata neno moja katika karatasi zote mbili. Kilichobadilika ni upande uliogeuzwa mbele ya macho ya msomaji. Fundi wa cherehani hamkatii mteja wake kitambaa kipya kila sikukuu. Huchukua kitambaa alicholetewa akakikata kwa kipimo.

Jambo hili ni la zamani. Leonardo da Vinci, Mwitalia ambaye dunia nzima inamjua kwa picha zake, alipoomba kazi kwa mtawala wa mji wa Milan kama mwaka 1482, hakuanza na uchoraji. Mtawala yule alikuwa na maadui, akihitaji watu wa vita. Kwa hiyo barua ya Leonardo ilitaja madaraja mepesi ya kuvusha askari, mizinga, magari ya kivita, njia za kuchimba chini ya ngome, na mwishoni kabisa ikasema kwamba wakati wa amani anaweza pia kujenga, kuchonga sanamu na kuchora. Alipata kazi Milan akakaa huko miaka mingi. Tukumbuke tu kwamba baadhi ya mashine alizozitaja alikuwa bado hajaziunda, na katika jambo hilo hatumshauri mtu amfuate.

Wenzetu wa chai na wa miwa

Wafanyakazi wa mashamba mara nyingi hutuambia kwamba mambo haya ni ya watu wa mjini, kwa kuwa wao hawana ufundi wa kuandika. Hatukubaliani nao.

Dada mmoja alitoka katika kiwanda cha chai cha mlimani akaja kukaa kwa ndugu zake Kibenga. Aliomba kazi ya usafi nyumba kwa nyumba, kwa sababu aliamini kwamba kazi yake ya zamani haina maana hapa kando ya ziwa ambapo hakuna hata mche mmoja wa chai. Tulimwomba atueleze chai inavyopita kiwandani. Akaeleza bila ya kusita: majani yanapimwa yakifika kutoka shambani, yananyaushwa, yanakatwa, yanaachwa yabadilike rangi, yanakaushwa kwa moto unaochungwa, kisha yanachekechwa na kupangwa kwa madaraja, ndipo yanafungwa kwenye magunia ya karatasi yenye namba, tayari kwa mnada wa Mombasa. Yeye alikuwa sehemu ya madaraja na kufunga. Maana yake alijua kupima uzito bila ya kukosea, kutambua kwa macho na pua kitu kilichoharibika, kuandika namba za mzigo, na kufanya kazi ndani ya kanuni za usafi, nywele zimefungwa na mikono imenawa. Viwanda vya kukoboa na kuchambua kahawa vinawataka watu wa namna hiyo, na vya unga, na vya kufunga vyakula. Anayeandika "nilifanya kazi ya chai" amesema jina la mmea tu.

Kuhusu wakata miwa na vibarua wengine wa msimu, kama wale wa Moso, ambako SOSUMO inalima miwa na kutengeneza sukari, kuna kosa la namna yake. Wao huandika kila msimu kama kazi mbalimbali: miezi sita hapa, miezi mitano pale, tena miezi sita. Anayesoma haraka huona mtu asiyedumu kazini. Kumbe ukweli ni kinyume. Mtu aliyeitwa tena na mwajiri yule yule misimu 6 mfululizo ni mtu ambaye kapita alimchagua mara 6 miongoni mwa wengi. Aandike basi jambo moja: "Misimu 6 kwa mwajiri mmoja, nikiitwa tena kila mwaka," kisha aeleze kazi. Na kama msimu wa mwisho alipewa kuandika mahudhurio ya kikundi cha watu 20, hilo liwe mstari wa kwanza iwapo anaomba kazi ya kusimamia watu, na lisitajwe kwa urefu iwapo anaomba udereva wa trekta.

Miaka iliyopotea

Wapo wenzetu wengi ambao karatasi zao zina tundu katikati. Vita iliyoanza mwaka 1993, kisha machafuko ya mwaka 2015, viliwapeleka watu katika kambi za Tanzania, na wengine walikaa huko miaka mingi. Wakiandika CV huruka miaka hiyo kimya kimya, au husogeza tarehe ili tundu lisionekane. Kusogeza tarehe ni hatari, kama tutakavyoeleza. Lakini hakuna ulazima wa kueleza kwa nini ulikimbia. Mwajiri hana haki ya hadithi hiyo, na karatasi ya kazi si mahali pake. Andika ulichofanya. Uliyefyatua matofali Nyarugusu ulifyatua matofali. Uliyegawa chakula kwa foleni ya watu ukifuata orodha, ulifanya kazi ya ghala. Uliyefundisha watoto kusoma, ulifundisha.

Na Kiswahili ulichorudi nacho ni ufundi, wala si aibu ya ukimbizi. Sehemu kubwa ya mizigo ya Burundi hupitia bandari ya Dar es Salaam, na mingine huvuka ziwa kutoka Kigoma. Madereva, makuli na makarani wa huko husema Kiswahili. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu tarehe 1 Julai 2007. Kampuni ya usafirishaji inayomtafuta mtu wa kupokea malori itakuwa imefurahi kuona mstari huo mapema, wakati katika kazi ya kiwanda cha sabuni unaweza kukaa chini kabisa.

Cheti cha kazi

Hapa tunaomba wasomaji wetu watulie, kwa sababu ndipo haki zinapopotea. Mkataba wa kazi unapokwisha, kwa njia yoyote, mfanyakazi anadai cheti cha kazi kinachoonyesha tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka na kazi alizozifanya. Sheria ya Kazi ya mwaka 1993, na hii iliyoirekebisha tarehe 24 Novemba 2020, si mapambo ya ofisi. Omba cheti siku ile ile ya kuondoka, wakati shefu wa wafanyakazi bado anakukumbuka na kiwanda bado kina mlango. Wenzetu ambao viwanda vyao vilifungwa ghafla wanajua taabu ya kutafuta sahihi ya mtu aliyekwisha kuhama nchi.

Ukipewa, kisome kabla ya kukikunja. Aghalabu cheti husema "kibarua" kwa mtu aliyeendesha mtambo miaka 8. Dai kirekebishwe, ukishindwa, njoo katika chama. Na kama ni cha zamani na hakirekebishiki, usibadilishe neno lolote juu yake. Katika CV yako andika ukweli wote: "Niliandikwa kibarua, kazi niliyopewa ni kuendesha mashine ya kufunga mifuko." Atakayelinganisha karatasi mbili ataona kwamba umeeleza, hukuficha. Aliyepoteza vyeti kabisa aende INSS na namba yake ya uanachama aulize michango yake ililipwa na nani na tangu lini, kwani huo nao ni ushahidi wa miaka. Ziwa lilipopanda mwaka 2021 na tena mwaka 2024, maji yaliingia katika nyumba za ufukweni, za Kibenga zikiwamo. Vyeti ni vya kuweka juu ya kabati ndani ya mfuko wa plastiki, na picha yake iwe katika simu ya ndugu anayeishi mlimani.

Mipaka

Kukata kwa kipimo si kuongeza kitambaa kisichokuwapo. Anayeandika kwamba anajua kuchomea vyuma wakati hajui, atapewa chuma achomee wiki ile ile. Na katika kazi ya umeme, boila au trekta, uongo wa namna hiyo umekata vidole na kuua watu, tena si lazima yule aliyeandika. Tarehe zilizosogezwa hugunduliwa cheti kinapowekwa kando ya CV, na mwajiri anaweza kuzitumia hata baada ya miaka mitatu, siku ile anayotafuta sababu ya kukufukuza bila ya kukulipa. Usimpe silaha hiyo.

Swali moja lilitushughulisha sana katika ofisi yetu, na tunakiri kwamba hatukufikia neno moja. Je, mtu aliyekuwa mjumbe wa wafanyakazi au kiongozi wa tawi la chama aandike hivyo katika CV? Burundi iliridhia Mkataba namba 98 wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 1997, na mkataba huo unakataza mtu anyimwe kazi kwa sababu ya chama. Baadhi yetu wanasema iandikwe daima, kwa fahari. Wengine wanasema sheria iko Gitega na mlango wa kiwanda uko hapa. Tunachokubaliana ni hiki: kanuni ni ile ile ya kufuata kazi. Ukiomba kuwa kapita, au kazi katika ofisi ya wafanyakazi, uliyesikiliza malalamiko ya watu 150 na kukaa meza moja na wakurugenzi una jambo la kusema, na utalisema. Ukiomba kuendesha mtambo, kukaa kimya si kukana chama. Lakini ukiulizwa waziwazi, usikane.

Siku ya kuandika

Usiende kibandani mikono mitupu. Nyumbani, chukua daftari, andika kila kazi uliyopata kuifanya na kila kitu ulichokishika katika kazi hiyo, kwa Kirundi au Kiswahili, bila ya kuchagua. Mwulize aliyefanya kazi nawe, atakukumbusha ulivyosahau. Daftari hilo halipelekwi popote, ndilo kitambaa chako. Kisha weka tangazo kando yake, chagua mambo manne au matano yanayojibu tangazo, na uyaandike juu, lenye nguvu zaidi likitangulia. Mengine yakae kwa kifupi chini. Ukurasa mmoja unatosha, miwili ni mwisho. Weka hesabu kila inapowezekana: mitambo mingapi, watu wangapi, kilo ngapi kwa siku, miaka mingapi. "Nina bidii" haipimiki, na kila mtu ameiandika. "Miaka 11 bila ya kukosa zamu ya usiku", kama ni kweli, hakuna mwingine atakayeiandika.

Ukifika kibandani, mpe mwenye kompyuta maneno yako ayapige chapa, atafsiri kwa Kifaransa kama tangazo limetaka hivyo, nawe ukae kando yake umsomeshe kila mstari kwa sauti kabla hajachapisha. Asipotaka, kibanda cha pili kiko hatua chache mbele. Barua ya kuomba iwe fupi: kazi gani, umeiona tangazo wapi, mambo mawili yanayokufanya uifae, na namba ya simu inayopatikana. Nyaraka nyingine zinazotakiwa, kama nakala ya diploma iliyothibitishwa na notari, cheti cha mwenendo mwema na nakala ya kitambulisho, ziwe kamili, kwa maana bahasha iliyopungukiwa karatasi moja hutupwa kabla CV haijasomwa.

Na kila unapopeleka, jiwekee nakala moja. Nyuma yake andika jina la mwajiri, kazi uliyoiomba na tarehe. Ukiisha kuwa na karatasi nne zinazotofautiana mikononi mwa watu wanne, na simu ikalia baada ya wiki tatu ukiambiwa uje kesho saa 2 asubuhi, utataka kujua usiku ule yule anayekuita ulimwambia nini.